Mkono Ulioziba Uso

Juzi nilikwenda harusini Wete, na kabla sijavua viatu mlangoni nilipokewa na harufu ya hina iliyokorogwa kwa ndimu. Ndani kulikuwa na joto, kelele za wanawake na wasichana wasioisha kupigana picha. Watatu kati yao, watoto wa binamu zangu, walinivuta nikae nao kitandani. Nikakaa. Mmoja aliponyoosha simu, mkono wangu ulinyanyuka wenyewe, kiganja mbele, ukaziba uso wangu karibu wote. Yule msichana alicheka, akasema haina neno, mkono ataufuta, na kidole chake kikaanza kuuzunguka mkono wangu kwenye kioo cha simu.  Kimawazo nilikuwa nimesharudi utotoni, Kiuyu, uwanjani kwa Bibi yangu, na simu mbovu mkononi.

Bibi Mize, mama wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Aliniita Kiguu na Njia, na siku alizokuwa na furaha aliniita mke mwenzangu, ingawa Babu mwenyewe alikuwa amefariki zamani na sisi wawili hatukuwa na mume wa kugombania. Yeye aliweza kukaa barazani asubuhi nzima akisuka ukili bila kusogeza mguu. Mimi sahani ya wali haikuisha bila kuinuka kwenda kutazama ni nini kimelia nyuma ya nyumba. Bibi alizoea kusema kwamba mama yangu alikuwa mtu mtulivu, na kwamba mimi hajui nilikookotwa. Alisema kwa utani, lakini mimi utani ule ulikuwa ukinichoma. Mama alifariki siku aliyonizaa. Baba alihamia Tanga nikiwa mchanga, akaoa huko, na kwangu akawa mtu wa salamu na kitambaa cha Idi. Kwa hiyo nilipoambiwa sifanani na mama, nilijiona sifanani na mtu yeyote.

Simu niliachiwa na Mjomba Hamadi, kaka yake mama, aliyekuwa fundi muashi Wete. Alinunua nyingine, hii akanipa, kioo chake kimepasuka kutoka pembe moja hadi ya pili, akasema ni ya mambo ya skuli. Wenye umri wangu mnajua mambo ya skuli yenyewe yalikuwa yapi. Sikuwa na mtu wa kumpigia, basi nikaigeukia kamera. Asha, tuliyekuwa tukikaa dawati moja, alinirushia programu ya kutengenezea picha aliyoipata kwa dada yake wa Chake Chake. Maandishi yake yote yalikuwa ya Kiingereza, na Kiingereza chetu kilikuwa cha kujibia maswali ya mtihani tu, kwa hiyo tulijifunza kwa kubonyeza. Tukibonyeza hapa, picha inakuwa nyeusi na nyeupe. Tukibonyeza pale, Asha anakuwa na shingo ndefu.

Tangu siku hiyo sikuwa na raha wala sikumpa mtu raha. Nilisikia kwamba tone la maji juu ya kamera hukuza vitu, nikalidondosha kwa njiti ya kibiriti, nikaiinamisha simu polepole juu ya karafuu zilizoanikwa jamvini. Sisimizi mmoja alitoka na miguu yenye nywele, na nikawa nawaonesha watu nywele za sisimizi wiki nzima. Nilifunika dirisha kwa kanga ya manjano ili nione chumba kitakuwaje. Nilichukua sinia la kulia wali nikalielekeza juani, mwanga ukaruka hadi kivulini alipokaa Bibi, uso wake ukawaka na mikunjo yote ikasomeka. Bibi alifumba macho akaniuliza kama nina nia ya kumkaanga. Nilipiga pia vitu vinavyokwenda: kuku, baiskeli, watoto wanaofukuzana. Vyote vilitoka vimeacha ukungu nyuma yao, nikajua kwamba kinachotikisika picha hukipa ukungu. Jambo hilo nililijua vizuri, na siku nilipolihitaji sikulikumbuka.

Kisha nikagundua kitufe chenye alama ya plasta ya kidonda. Nilikuwa nimepiga picha ya ukuta wetu wa udongo, na ndoo ya buluu imesimama mbele yake. Nikapitisha kidole juu ya ndoo. Ikatoweka. Pale ilipokuwa ukaonekana ukuta, na ufa mwembamba ukishuka hadi chini. Nilitupa kandambili nikakimbia ukutani, nikaisogeza ndoo yenyewe. Ufa ulikuwapo. Nikakaa chini pale pale kwenye maji niliyoyamwaga.

Ndivyo nilivyoamini kwamba simu inajua kilichoko nyuma ya kitu. Mtu mzima angesema imeokota udongo wa pembeni na kuubandika, na ufa ule ni bahati tu. Mimi niliona pazia limefunguliwa. Nikamfuta mbuzi, zikatoka nyasi, na nyasi kweli zilikuwapo. Nikaufuta mlango wa chumba cha Bibi ili nione kitanda chake, nikapata ukuta mtupu. Hilo nalo nilikuwa na jibu lake: mlango ulikuwa umefungwa kwa komeo. Asha aliniambia simu inabahatisha tu. Nikamwambia ana wivu kwa kuwa yeye hana simu, tukanuniana, na wote wawili tukaumia.

Mnaweza kukisia nilikuwa nataka kufuta nini. Picha ya mama ilikuwa moja. Harusi yake mwenyewe haikupata mpigapicha, lakini ya mdogo wake, Mama Mdogo Rukia, ilimpata mmoja aliyetoka mjini. Kwetu picha za watu hazikutundikwa. Bibi alishika kwamba malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye sura ukutani. Kwa hiyo picha hiyo ilikaa chini kabisa ya sanduku, katikati ya kanga, na ilitoka kila Ramadhani ilipokaribia, nguo za sandukuni zilipoanikwa. Mama Mdogo alikuwa amekaa kitandani amepambwa, macho yamejaa wanja, mikono imetulia mapajani. Pembeni yake alikaa mama. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyanyuka mbele ya uso, hina imefika kifundoni, kiganja kizima kimetuelekea, kingo zake zina ukungu kidogo. Nyuma ya kiganja palibaki ncha ya sikio na upindo wa kanga kichwani. Basi. Huyo ndiye mama yangu niliyekuwa naye.

Tangu mdogo nilijua kwamba mama hakutaka nimwone. Hakuna aliyeniambia. Picha ndiyo iliyoniambia, kwa sababu kiganja kile hakikumwelekea Mama Mdogo wala Bibi; kila nilipoishika kilinielekea mimi, kama cha mtu anayesema basi, usije. Na mimi nilikuja, naye akafa. Niliunganisha mambo hayo mawili peke yangu kwa akili yangu ya kitoto, nikayabeba kila nilikokwenda. Bibi sikumuuliza. Mtu haulizi swali ambalo jibu lake analiogopa. Lakini ukiweza kuufuta mkono na kuuona uso, utajua kama uso huo umekasirika au haukukasirika, na hutakuwa na haja ya kumuuliza mtu.

Mambo yakaharakishwa na habari kutoka Wete. Mume wa Mama Mdogo alikuwa akifanya kazi Maskati, na sasa alikuwa amepata nafasi ya kumchukua mkewe. Mama Mdogo angekuja Ijumaa kutuaga, na alikuwa amesema ataichukua picha ya harusi yake. Hakuna aliyeona ajabu. Harusi ni yake, picha ni yake. Mimi tu ndiye niliyekosa pa kukaa. Skuli niliandika tarehe ya Ijumaa kila ukurasa. Chuoni niliisoma aya moja ya Kurani nikairudia na kuirudia, hadi mwalimu akaniuliza kama mkeka wangu umepakwa upupu.

Nilimwomba Bibi anipe picha niipige kwa simu kabla haijaondoka. Alikataa. "Mtu keshatangulia mbele ya haki, weye wataka kumtia simuni," aliniambia. "Muombee dua." Nikamwombea dua, kisha nikamfuata kisimani. Nikamfuata shambani, nikamfuata jikoni, nikasimama mlangoni alipokuwa akitawadha. Alhamisi baada ya Alasiri aliinuka bila neno, akafungua sanduku, akanipa. Alisema mwenye kung'ang'ania hupewa ili watu wapumzike. Akaniamuru ninawe mikono na nisiondoke juu ya mkeka.

Picha yenyewe ilikuwa ya kung'aa, kila nilipoielekeza ilinirudishia dirisha na kichwa changu. Nikafunga chandarua dirishani kupunguza ukali wa jua, nikaiegemeza kwenye mto, nikabana pumzi. Nilipiga nyingi, nyingine zikatoka na ukungu kwa pupa yangu. Moja ikatoka safi. Hapo nikaikata, kama nilivyojifunza kwamba picha nzuri haibebi mizigo. Sikuhitaji kitanda, wala shuka yenye maua, wala mapaja, wala kanga ambayo mama alikuwa ameikusanya mbele yake kwa mkono wa kushoto. Nikabakisha vichwa viwili na kile kiganja.

Kisha nikaanza kuufuta mkono. Kidole gumba kilikwenda kwanza, ikaja ngozi. Nikapita tena, likaja shavu. Nikafuta vidole vyenye hina kimoja baada ya kingine, na chini yake, Mungu ni shahidi wangu, likaja jicho. Jicho zima, lenye wanja, na chini yake kidoa cheusi kama punje ya ufuta. La pili halikuja, palibaki kiza, nikalisamehe. Jicho lile moja halikuwa limekasirika. Lilinitazama kwa upole, kama mtu aliye katikati ya sherehe na anayejua kwamba leo hakuna la kumuudhi.

Nililia kwa furaha, na Bibi aliponiuliza nikasema ni moshi, wakati jikoni hapakuwa na moto. Nilimrudishia picha yake, nikatoka mbio na simu yangu. Nikamtembeza mama. Nilimuonesha mbuzi, nikamuonesha mkorosho niliowahi kuanguka kutoka juu yake, nikamfikisha hadi skuli, milango imefungwa, nikaiweka simu dirishani ili aone dawati langu. Nilikuwa nikisema naye kwa sauti. Nikampitia na Asha kwao, tukapatana, na Asha alipoitazama picha alinyamaza kimya cha mtu mwenye neno lakini ameamua kulimeza. Sikuwahi kumshukuru kwa kulimeza.

Ijumaa baada ya sala Mama Mdogo Rukia aliingia na harufu ya udi, na machozi tayari machoni. Sikumwacha hata anywe maji. Nilimshika mkono, nikamwambia nimempata mama, nikampa simu. Alitabasamu. Kisha tabasamu likasimama njiani, na nikaona kidole chake kinapanda taratibu usoni kwake hadi chini ya jicho, kwenye kidoa ambacho nilikuwa nimekiona maisha yangu yote.

"Saumu," alisema, "jicho hili langu."

Nilimwambia si kitu, ndugu hufanana. Alitikisa kichwa. Akaomba picha yenyewe, Bibi akaileta, akaiweka sambamba na simu juu ya mkeka. Hakuwa na haja ya kunieleza sana. Wanja ule ule, umepinda mahali pale pale. Kidoa kile kile. Hata chembe ya mng'aro aliyopakwa bi harusi kwenye kope ilikuwapo. Simu haikufunua kitu chochote. Ilikuwa imeokota uso uliokuwa karibu na kuubandika palipokosekana uso, kama ilivyookota udongo wa ukuta.

Sijui mlipokuwa watoto nyinyi mlikasirikaje. Mimi nilipiga miguu chini, mtu wa umri wangu ule, nikamtupia Bibi swali nililokuwa nimelificha miaka yote, na lilitoka likiwa limechacha. Nilimuuliza kwa nini basi mama alijificha. Nilimuuliza mimi nilimkosea nini, wakati sijazaliwa, hata asitake nimwone.

Bibi alinitazama kama aliyeniona kwa mara ya kwanza. "Nani kakwambia kajificha?"

Nikamuonesha mkono. Bibi hakuutazama mkono. Kidole chake kilishuka chini ya picha, pale nilipokuwa nimekata, kikasimama juu ya kanga iliyokusanywa. Akaniambia nitazame vizuri. Nilitazama, nikaona nguo. Akaniambia nitazame tena.

Hapo ndipo aliponisimulia, na Mama Mdogo akimsaidia alipokwama. Kabla yangu mama alikuwa amebeba mimba nyingine. Watu waliiona mapema, wakaisifu, mmoja akasema tumbo limekaa vizuri bila kutaja jina la Mungu, na haikufika. Mama akaamini ni jicho la husuda. Bibi naye aliamini, na aliponisimulia aliamini bado. Basi mimba yangu mama hakuitaja kwa mtu. Hata harusi ya mdogo wake alitaka kuikaa jikoni, nyuma ya masufuria, asionekane. Ni Mama Mdogo aliyelia kwamba hapigwi picha bila dada yake. Mama akatoka, akakaa kitandani. Mpigapicha alipoinua kamera, yeye akawaza kwamba picha ni macho ya watu usiowajua, itakwenda mjini, itapita mikono, kila mmoja atalitazama tumbo. Mkono wa kushoto ukakusanya kanga mbele ya tumbo. Wa kulia ukanyanyuka kumzuia yule bwana.

"Mpigapicha katwambia tutulie," Mama Mdogo alisema. "Sote tumetulia, yeye hakutulia. Ndo maana mkono umetoka na ukungu."

"Uso wake hakuuwaza," alisema Bibi. "Alikuwa akikuficha weye."

Nilichukua simu nikaitazama ile picha niliyoitengeneza kwa ufundi wangu wote. Vichwa viwili vyenye macho ya mtu mmoja. Kiganja hakipo. Kanga haipo. Kitu pekee cha mama kilichofika kwenye kamera, mkono wake, nilikuwa nimekifuta kidole baada ya kidole, na pale nilipokuwa mimi mwenyewe nilikuwa nimekata nikatupa. Miaka yote nilikuwa nikisikitika kwamba sina picha niliyopiga na mama yangu. Ninayo. Tumo wawili, na yeye ndiye aliyesogea.

Mama Mdogo aliondoka jioni hiyo, na picha hakuichukua. Alimwambia Bibi kwamba harusi yake anaikumbuka bila karatasi. "Muachie Saumu," alisema, "na yeye yumo." Bibi akairudisha kwenye kanga zake, lakini tangu hapo sikuhitaji kusubiri Ramadhani. Na lile neno la kwamba mama alikuwa mtulivu hakulirudia tena. Nilipomkumbusha alisema mtu hutulia hadi siku anapopata cha kukitetea. Ile sura ya kubuni nilikaa nayo siku kadhaa ndipo nikaifuta, na kwa tabu, maana nilikuwa nimeshaizoea na kuitembeza kijiji kizima. Asha alikaa nami nilipoifuta.

Sasa Bibi naye ametangulia. Sanduku liko kwangu, na picha iko ndani yake, na uso wa mama sijauona mpaka leo. Zamani niliudai kila siku. Siku hizi nautazama mkono, na nimegundua kwamba kidole kidogo kinajitenga na wenzake, kama changu.

Basi msichana wa watu alikuwa bado ananingoja kule harusini, kidole juu ya kioo. Nikamwambia auache mkono. Akasema, "Lakini umekuziba uso, Anti." Nikamjibu uso wangu anao hapa mbele yake, autazame bure mpaka achoke. Wote wakacheka, nami nikacheka nao. Katika ukoo wetu mimi ndiye niliyesoma, na wenzangu wakiniletea habari za jicho huwa nawachokoza. Lakini mama yangu alikufa akinizaa, na nina hofu, na sioni aibu kuisema. Mimba bado ni ya miezi michache na buibui langu ni pana, hakuna aliyejua isipokuwa mume wangu. Hakuna aliyeuona mkono wangu wa kushoto ulipokuwa. Nilimwomba yule msichana anirushie picha kama ilivyo, asiikate chini.